Vibandiko vya Bibi Vifungo

Ofisi ya afya ya mkoa ilitaka kusikia sauti za wananchi, ikatuita ghorofa ya tatu siku ambayo lifti ilikuwa mbovu. Ukutani yalikuwapo mabango sita, kila moja na tatizo lake, na litakaloongoza ndilo litakalopewa fedha mwaka huu. Kila aliyefika alipewa vibandiko vitatu vya kijani, vidogo kama kucha, abandike anapopenda. Bango la miguu na mifupa lilipata vinne. Afisa mipango akaandika kwamba wananchi hawana shida kubwa ya miguu.

Mimi ni fundi cherehani, na nilifuata bango moja tu, la figo. Kaka yangu husafishwa damu mara tatu kwa wiki katika mkoa wa jirani, mwendo wa saa nne kwenda na nne kurudi. Hata siku ile alikuwa huko kwenye mashine. Wiki iliyotangulia aliniambia amechoka, labda aache. Hakulia wala nini, alisema kama mtu anayefikiria kuhama nyumba. Mimi ndiye niliyelia, jikoni, bomba likiwa wazi.

Tulikuwa wawili wa mwisho kwenye foleni. Nyuma yangu alisimama Bibi Vifungo, anayeniuzia vifungo tangu nikijifunza kushona. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, bidhaa zake anazitambua kwa vidole. Ngazi zilimchukua nusu saa. Akanitia vibandiko vyake kiganjani.

"Mwanangu, hayo mabango siyaoni. Nibandikie vyote kwenye macho."

"Sawa, Bibi."

Nilibandika vyangu, kisha nikahesabu. Figo arobaini, macho arobaini na moja. Ningependa kusema mkono ulikwenda wenyewe, lakini niliupeleka mimi. Nilivibandika vya Bibi kwenye figo kimoja kimoja, nikavibonyeza visidondoke. Afisa alikuwa akipiga picha za wananchi wakishiriki, na katika moja nimo, natabasamu.

Akatangaza: figo arobaini na tatu, macho arobaini na moja. Watu wakapiga makofi. Nilifurahi, na niliona aibu papo hapo, wala moja haikupunguza nyingine.

Bibi Vifungo alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Viwili tu," alisema. "Dada yangu alitaka kuja, naye haoni. Nikamwambia abaki, nani atatuvuta wote wawili kwenye ngazi hizi. Kosa langu hilo."

Nilimwambia si kosa lake. Nilimwambia mara mbili.

"Haya, angalau kakako kapata," alisema. "Mwambie avumilie, mashine inakuja."

Tukashuka taratibu, yeye kanishika mkono. Kila tulipofika kwenye kona alinishukuru kwa kumsaidia kupiga kura.