Mpunga Uliolala

Katika wanafunzi sita wa uhandisi mitambo waliochukua shahada ya uzamili kwa njia ya utafiti mwaka ule, Muzdalifa peke yake ndiye aliyefanyia utafiti nyumbani kwao. Au tuseme karibu na kwao, maana yeye ni mtoto wa Mtawanya, nchi ya korosho na mihogo, na utafiti ulikuwa Mbwera, kwenye visiwa vya mpunga na mikoko. Lakini ukishafika Dar es Salaam, nani anakuhesabia vijito? Wilaya moja, lugha moja. Wenzake wakihangaika kutafuta wakalimani, Muzdalifa alitamba kwamba yeye anazungumza na watu wake mwenyewe, ana kwa ana.

Shahada ya namna hiyo haina darasa la kujifichia. Una swali lako, mashine yako na msimamizi wako, basi. Swali la Muzdalifa lilikuwa hili: kwa nini mashine ndogo za kukoboa mpunga zinatoa chenga nyingi, punje zilizokatika, badala ya mchele mzima? Jibu aliamini liko kwenye mwanya ulioko kati ya rola inayozunguka na kisu cha mashine. Akaenda kwa Abbasi, mwenye mashine pale Mbwera, akapima mwanya, akapima mwendo wa rola, mtetemo na unyevu wa punje, gunia baada ya gunia, mpaka Abbasi akamzoea kama kinu chenyewe.

Wanawake waliokuja kukoboa walikuwa na mazoea ya kusema, "Huu umelala," au "Huu haujalala, mwanangu, utaona chenga zake." Muzdalifa, mtafiti makini, akaliongezea jedwali lake safu moja: umelala, haujalala. Maana yake hakuuliza. Aulize nini? Mpunga uliolala ni ule ulioangushwa na upepo shambani, ukalalia matope. Hata vitabu vya kilimo vinasema hivyo.

Kasheshe ilianzia Dar, ofisini kwa Dokta Idrisa, msimamizi wake. Dokta Idrisa ni mtu mpole wa sura na mkali wa kalamu. Alisoma jedwali, akarudi juu, akasoma tena.

"Muzdalifa, mpunga ulioanguka kwenye matope unatoa mchele mzima mwingi kuliko uliosimama?"

"Ndivyo ilivyotoka, Daktari. Magunia kumi na tisa, yote hivyo hivyo."

"Na mwanya wako?"

"Mwanya haubadilishi kitu sana." Hili lilimuuma kulisema.

"Basi ama mashine imelogwa, ama daftari. Mpaka Ijumaa niletee maelezo. Ukishindwa, hayo kumi na tisa yafute, na yaliyobaki hayatoshi. Utasubiri mavuno yajayo."

Kusubiri mavuno yajayo maana yake ni mwaka mzima, na muda wake chuoni ulikuwa unaishia miezi minane mbele. Kwa maneno mengine, shahada kwaheri. Muzdalifa alitoka pale na tabasamu la kubandika, akafika chumbani, akalia kidogo, akanawa uso, akafunga begi. Jumanne alfajiri alikuwa njiani kwenda Kibiti, adhuhuri yuko Nyamisati, na maji yalipojaa akapanda boti ya Mbwera.

Jumatano asubuhi alimkuta Bi Semeni kwa Abbasi, amekalia gunia lake, anangoja zamu. Bi Semeni alikuwa mteja namba moja wa mashine ile na mdomo wake hauna breki. Mchele wake haukuwa na chenga, na hakuacha mtu asahau hilo.

"Shikamoo, Bi Semeni."

"Marahaba. Umerudi? Tulidhani umeshaolewa na kompyuta."

Muzdalifa akacheka, akafungua daftari. "Nina swali moja tu. Ule upepo ulioulaza mpunga wako, ulipiga mpunga umeshakomaa au bado?"

"Upepo gani?"

"Uliolaza mpunga wako shambani."

Bi Semeni akageuka, akamtazama Abbasi, kisha akamtazama tena binti wa watu. "Mpunga wangu miye ulazwe na upepo? Mpunga wangu naulaza mwenyewe! Chumbani, juu ya mkeka, tena na shuka naufunika!"

Abbasi alizima mashine. Hakuizima kwa heshima ya mazungumzo. Aliizima kwa sababu kicheko kilimshinda, na mtu hachezi na mkanda wa mashine huku macho yamejaa machozi. Wanawake wa foleni wakauliza kuna nini, wakaambiwa, na hapo ndipo Muzdalifa alipojua kicheko cha Mbwera kina ukubwa gani.

"Weye mtoto," akasema Bi Semeni alipopata pumzi, "mpunga ukiuanua juani una moto wake. Ukiuleta mashineni hivyo hivyo unakatikakatika. Lazima ulale kwanza, usiku mmoja, upoe mpaka ndani. Kwenu Mtawanya hamlijui hili?"

"Kwetu tuna korosho," akasema Muzdalifa.

Aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa ya haki yake. Lakini chini ya aibu kitu kingine kilikuwa kinamchemka, na alipokitambua alitaka kuruka. Daftari halikuwa na kosa! Magunia kumi na tisa hayakudanganya. Aliyekosea ni yeye na tafsiri yake, yeye asiyehitaji mkalimani.

"Bi Semeni," akasema, "nipe gunia jingine, ambalo hujalianika bado. Tuligawe nusu kwa nusu."

Siku ile ile mpunga huo ulianikwa. Jua lilipoanza kulegea wakauanua, wakaugawa. Nusu ya kwanza Abbasi akaikoboa papo hapo, ungali na joto. Nusu ya pili ikaenda kulala, na Bi Semeni akaifunika shuka kwa mbwembwe nyingi. Alhamisi asubuhi ikakobolewa kwa mashine ile ile na mwanya ule ule. Wanawake wanne wakakaa na nyungo, wakatenga chenga na mchele mzima, huku wakimuuliza Muzdalifa kama huko chuoni kuna somo la kupepeta. Kisha akapima kwenye mizani yake.

Katika kila gramu mia za mchele wa mpunga usiolala, chenga gramu ishirini na nane. Katika mia za uliolala, tisa.

Alipima tena. Tisa. Akampigia Dokta Idrisa pale pale, akasimulia yote bila kuficha, upepo na shuka na kicheko. Upande wa pili ikasikika sauti ya kutafuta karatasi.

"Kupumzisha nafaka si jambo geni," akasema Dokta. "Viwanda vikubwa vinafanya, na watu wameandika. Lakini mkekani, kwa mashine ndogo kama hizi, saa ngapi zinatosha? Nne? Nane? Na mwanya ufanye nini baada ya hapo?"

Zamani Muzdalifa angekuwa na jibu tayari.

"Sijui, Daktari."

"Miezi kumi na minne nangoja uniambie neno hilo," akasema Dokta Idrisa, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Muzdalifa akamsikia anacheka. "Usifute kitu. Na Ijumaa usije. Kaa huko huko, ukajue."

Simu ikakatika. Muzdalifa akabaki ameishikilia, moyo unamdunda kwa furaha mpaka akaona haya.

"Kasemaje mwalimu wako?" akauliza Bi Semeni.

"Nimemwambia sijui."

"Kakasirika?"

"Kafurahi. Kafurahi sana."

Bi Semeni akautikisa ungo uliokuwa magotini. "Kumbe kuwafurahisha watu wa chuo hakuna gharama," akasema. Kisha akasimama, akajipangusa pumba kwenye kanga. "Haya, inuka. Kama unataka saa nne na saa nane na za usiku kucha, mkeka mmoja hautoshi. Twende kwangu tukapange kila fungu la mpunga litalala wapi."