Majaribio Yasiyongoja Jibu

Mwaka wa 1999 mjukuu wangu Chelangat alipata nafasi moja ya kazi. Kiwanda kimoja cha chai kilitaka ukurasa wa kompyuta ambao ungeuliza mashine ya kiwandani, kwa laini ya simu, uzito wa majani ya kila mkulima. Akifaulu, wangemwandika. Asipofaulu, angerudi kuchuma chai na mimi, na mgongo wake ni mbovu tangu utotoni.

Wambugu, mwenye duka la kompyuta pale Bomet, alimwachia kompyuta moja kila jioni. Hata kiti alikiwekea mto. Chelangat aliandika ukurasa kwa JavaScript, lugha ya kompyuta, kisha akaandika majaribio, yaani programu ndogo za kuukagua. Nilipompelekea chakula alinionyesha: kila jaribio liliandika “sawa”. Ukurasa ulipotoka mtupu mara moja moja, alilaumu laini ya simu.

Siku ya kuonyesha kazi nilimsindikiza kiwandani, na meneja aliingiza namba ya mkulima. Ukurasa ukabaki mtupu. Akaingiza nyingine, vilevile. Chelangat akamwambia majaribio yote yalipita.

“Binti yangu,” meneja akasema kwa upole, “mkulima haji hapa kuona majaribio.”

Tulirudi dukani. Alisoma kazi yake mstari kwa mstari, mpaka akashika kichwa.

“Kogo,” akaniita, yaani bibi, “nimeona. Jaribio linauliza, halafu linaisha kabla jibu halijafika. Kwa kuwa halijaona kosa, linaandika sawa.”

“Yaani linasimama langoni kwa watu, linaita salamu yetu, chamgei, na kabla hawajaitika limeenda kusema wote ni wazima?”

“Ndivyo, kogo.”

Huku kwetu hata mtoto mdogo hungoja aitikiwe.

Akayarekebisha yangoje jibu. Sasa yakaandika kosa, kosa, kosa. Ukurasa wenyewe nao ulikuwa hauna subira: ulijionyesha kabla mashine ya kiwandani haijajibu. Wambugu hakufunga duka, ingawa mkewe alikuwa akimngoja. Alimpigia meneja simu, akamwombea Chelangat siku nyingine, akibembeleza kama anayeomba yake mwenyewe. Kisha akaweka simu chini polepole.

“Wameshaandika mtu wa Kericho,” akasema.

Chelangat hakulia. Aliendelea kurekebisha mpaka majaribio yote yakaandika sawa, na safari hii ilikuwa kweli. Hakuna aliyeuhitaji ukurasa huo tena.

Asubuhi tulishuka shambani. Nilimwachia mistari ya chai iliyo karibu na barabara, asibebe kikapu mbali.