Ndevu za Nguzo ya Saba

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, akishanunua tofu sokoni, Bibi Ok Bun-rye hushuka ukingoni mwa mto Neungcheon na beseni, sabuni, wembe na kipande cha gazeti la jana. Huegemeza ngazi kwenye nguzo ya saba ya daraja, akainyoa ndevu.

Ndevu zimeanza kuota mvi, upande wa kushoto zaidi, kama za marehemu baba mkwe wake. Nguzo nyingine kumi na moja hazina kitu ila kinyesi cha njiwa.

"Tulia, Baba Sun-im," huiambia. "Umekuwa kama beberu."

Aliyemo ndani ni mumewe, Pyo Gil-man. Mwaka 1974 Kampuni ya ujenzi iliahidi kumaliza daraja kabla ya mkubwa mmoja kuja kukata utepe. Tarehe tatu Septemba, saa tisa alasiri, Gil-man aliteleza akatumbukia ndani ya mbao za kuumbia nguzo huku zege likimwagwa. Wenzake walipiga kelele. Msimamizi Tak alitazama saa yake. Zege likisimamishwa katikati nguzo huwa na ufa, nguzo yenye ufa hubomolewa, na utepe haungoji. Wakaendelea kumwaga. Jioni ile Kampuni iliandika daftarini: Pyo Gil-man, katoroka kazini.

Sasa mtoro hana siku ya kufa. Bibi Ok alipotaka kumwekea mumewe wali na pombe ya mchele siku yake ya kufa, kama marehemu wengine wawekewavyo kila mwaka, wazee wa ukoo wa Pyo walikataa: hakuna karatasi, hakuna siku. Basi humpikia tarehe tisa ya mwezi wa tisa wa mwandamo, pamoja na marehemu ambao hakuna ajuaye walikufa lini. Yeye anajua siku. Anajua hata saa. Kwa miaka hamsini amekuwa akichomeka kijiko kwenye bakuli la wali katika siku isiyo yake.

Mwaka huu Kampuni ilitimiza miaka sitini, na sitini si mchezo. Ikaamua kuandika kitabu cha historia na mafanikio yake: bandari, mabwawa, barabara za jangwani, nyumba za ghorofa elfu arobaini. Ikamtuma Bwana Seok wa ofisi ya kumbukumbu kupiga picha madaraja. Akamkuta Bibi Ok juu ya ngazi.

"Bibi, kofia ngumu iko wapi? Kwetu usalama kwanza."

"Muulize huyu. Ya kwake anayo humohumo."

Seok alizishika ndevu, akazipima kwa rula. "Zinaota kiasi gani kwa wiki?"

"Sentimita nne. Ikinyesha, tano."

Akaandika. Bibi Ok alishuka, akajifuta povu mikononi.

"Mwanangu, sitaki sifa. Niandikieni mstari mmoja tu kwenye hicho kitabu: Pyo Gil-man alikufa tarehe tatu Septemba, 1974. Nimpikie mume wangu siku yake."

Seok aliliandika na hilo, kwa mwandiko mzuri. Bibi Ok alimwona kwa macho yake.

Oktoba wakafanya sherehe palepale ukingoni. Mzee Tak, miaka tisini na mmoja, alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu akavishwa nishani, kwa kuisimamisha nguzo ya saba kwa saa thelathini na moja bila kupumzika. Mwenyekiti akasema Kampuni haijapata kumwacha mtu nyuma. Hapo ndevu zikashuka mpaka majini, nyeupe pe. Wageni wakapiga makofi, wakidhani imo kwenye ratiba.

Bibi Ok alimwinamia Tak. "Shemeji, wewe ulikuwepo. Itaje tarehe."

"Shemeji," mzee alisema, kidevu kikimcheza, "zege halisimamishwi."

"Limekauka miaka hamsini, wewe! Nani kakwambia ulisimamishe?"

"Halisimamishwi."

Watu wa Kampuni wakampa mzee keki ya mchele atafune, anyamaze.

Kitabu kilikuja kwa posta. Ukurasa wa 212 ulikuwa na picha ya nguzo: "Zege Hai, mafanikio ya kwanza ya aina yake duniani. Pichani, mama wa jirani akisaidia matengenezo." Ukurasa wa 391 ulitaja wote waliowahi kuajiriwa: "Pyo Gil-man, katoroka kazini, 3 Septemba 1974."

Alikibeba kitabu mpaka kwa wazee wa ukoo. Wakavaa miwani, wakausoma ukurasa ule kwa zamu.

"Tarehe ipo, mkwe," wakasema. "Lakini ni ya kutoroka. Mtoro hapikiwi."

Alhamisi iliyofuata Bibi Ok hakuchukua gazeti. Alipanda ngazi na kitabu kwapani, akapaka sabuni, akanyoa shavu la kushoto, kisha akachana karatasi ya kwanza kufutia wembe. Ilikuwa karatasi ya bei, inang'aa, hainyonyi povu vizuri. Alishazihesabu: karatasi mia mbili na nane. Moja kila Alhamisi ni miaka minne. Yeye ana sabini na minane.

"Tulia, Baba Sun-im," alisema. "Leo tunaanza na Mwenyekiti."