Mkanda wa Meno ya Pembe

Jumamosi asubuhi duka la spea hujaa mafundi mpaka kaunta haionekani, na ndiyo sababu Wembe aliichagua. Angeweza kwenda siku ya kazi, duka likiwa tupu, akanunua alichotaka na kuondoka kistaarabu. Lakini ustaarabu ulishamshinda. Tangu injini ya gari lao ife, alikuwa akilala na hasira, akiamka nayo na kunywa nayo chai.

Wembe ni jina alilopewa kwa sababu ya ulimi. Lile la kwenye cheti hata wateja wake wa saluni hawalijui. Kaka yake ni fundi magari, mtu mpole kiasi cha kuudhi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Gari lenyewe ni kuukuu, la kurithi kwa mama yao, limepigwa jua mpaka ukiulizwa rangi yake inabidi ukumbuke, si utazame.

Kisa chenyewe ni hiki. Mkanda wa taiming, ule wenye meno unaofanya vali na pistoni zipishane bila kugongana, ulikuwa umechakaa. Kaka mtu akaenda kununua seti mpya kwa Bingwa, mwenye duka la spea aliyejipa jina hilo mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejitolea kumpa. Alibeba mkanda wa zamani kama sampuli. Bingwa hakuutazama. Alilichungulia gari kupitia dirisha, pale gereji ng'ambo ya barabara, akavuta boksi lililokuwa karibu na mkono wake, biashara ikaisha.

Kule gereji fundi akafungua boksi, akaona meno ya mkanda ni ya mviringo wakati meno ya puli za injini, yale magurudumu yanayoshika mkanda, ni ya pembe. Akarudi nao. Bingwa akacheka, akampiga begani.

"Kiwanda kimebadilisha, fundi wangu. Za zamani hazitengenezwi tena. Wewe funga tu, meno yatazoeana."

Na fundi, kwa ule upole wake, akaamini.

Meno hayakuzoeana. Gari lilipofika katikati ya mlima mkanda uliruka, pistoni zikazipiga vali, vali zikapinda, na injini ikanyamaza kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Hapo ndipo Bingwa alipoonyesha ubingwa wake. Kila aliyeingia dukani alisimuliwa kwamba fundi yule hajui kupanga alama za taiming, zile zinazoonyesha puli zikae wapi. Haukupita muda, wateja wakawa wanapita mbele ya gereji wakitazama upande wa pili wa barabara. Benchi la kusubiria likabaki la paka.

"Achana naye," kaka mtu alisema, baada ya kuitengeneza injini upya kwa kuokoteza vifaa huku na huku. "Tutafute tu mkanda sahihi."

"Nitaachana naye," Wembe akajibu, "nikishamshika."

Basi Jumamosi hiyo aliingia dukani amejifunga kanga ya unyonge: kichwa chini, sauti ya kuomba, mkoba mzito begani. Mafundi wakagusana viwiko.

"Shikamoo, Bingwa."

"Marahaba, dada yangu! Za siku? Kaka yako bado anakarabati au ameanza kilimo?"

Duka zima likacheka. Wembe naye akacheka kidogo, meno tu, macho hayamo.

"Injini tumeifufua. Nimekuja kuchukua seti nyingine ya mkanda."

Bingwa hakuuliza hata swali. Alilitazama gari dirishani, akanyoosha mkono, akaweka boksi juu ya kaunta.

"Ni ile ile uliyompa kaka?"

"Ile ile! Tatizo halikuwa mkanda, dada. Tatizo lilikuwa mikono."

Kicheko tena. Wembe akasubiri kiishe chote, mpaka cha yule wa mwisho anayechekaga akichelewa. Kisha akafungua mkoba, akatoa puli ya injini yao, nzito na safi, akaitua juu ya kaunta kwa kishindo.

"Mimi msusi, najua nywele tu. Hebu nivalishie hapa nijifunze."

Bingwa angeweza kukataa. Lakini duka lilikuwa limejaa, na mwanamume aliyejiita Bingwa hawezi kukataa kuvalisha mkanda mbele ya watu. Akauzungusha kwenye puli, akauvuta. Mkanda ukakaa juu juu, kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha baba. Akaubana kwa vidole. Alipouachia, ukainuka.

Mzee mmoja mwenye magari ya dizeli, aliyekuwa akisubiri fani belti yake, akavaa miwani na kuinama. "Bingwa, mbona haya ya mviringo? Puli hii ni ya meno ya pembe."

"Mzee wangu, usimsumbue," Wembe akadakia kwa upole wa asali. "Bingwa alishamweleza kaka yangu. Kaka aliurudisha hapa mkanda, akamwonyesha meno hayafanani. Au kaka aliniongopea? Maana nasikia hajui kitu."

Hapo jasho lilianza kumtoka Bingwa, na mtu akitokwa jasho mdomo nao huteleza.

"Hakukuongopea! Alikuja, nikamwambia afunge tu, meno yatazoeana! Na leo narudia, yatazoeana!"

Aliyekuwa akijaribu honi mlangoni akaiacha.

"Yatazoeana?" Mzee wa dizeli akavua miwani. "Kwani ni maharusi?"

Safari hii kicheko hakikuwa cha Bingwa. Wembe akakiacha kizunguke, kipige kuta, kirudi.

"Za meno ya pembe huna kabisa?" mzee akauliza.

Macho ya Bingwa yalimsaliti. Yalipanda juu kabisa ya rafu, karibu na dari, kwenye boksi lililopauka kwa vumbi. Kila mtu akaliona. Wembe ndiye aliyesema.

"Kumbe ilikuwepo! Injini ya mama yetu ilikufa, jina la kaka yangu likafa, kwa sababu wewe ulikuwa mvivu wa kupanda ngazi."

Bingwa akapanda, ngazi ikilia, vumbi likimwangukia kwenye shati jeupe. Alishuka akasukuma boksi mbele yake. "Chukua. Sitaki hata shilingi. Nenda."

"Zawadi sitaki. Nitalipa kama kawaida. Ila utaibeba wewe mpaka gereji, umkabidhi kaka yangu mkononi, na useme mbele ya wenzako hawa kosa lilikuwa la nani."

"Dada, nina wateja."

"Wateja gani? Wote tunakuja," akasema mzee wa dizeli.

Wakavuka barabara kama msafara wa bwana harusi asiyetaka kuoa. Fundi akafuta mikono, akawatazama. Bingwa akatoa boksi, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye aliyempa mkanda ule, na kwamba kosa halikuwa la fundi.

"Hatujasikia huku nyuma!" Wembe akapaza sauti. Bingwa akarudia, akasikika.

"Asante, ndugu yangu," fundi akasema. "Kaa, upumzike."

Wembe alitaka kumkaba kaka yake. Lakini fundi alipomaliza kurudisha puli na kufunga mkanda, ukakaa kwenye meno yake kwa utulivu, alimwita Bingwa na kumpa spana ndefu.

"Zungusha injini wewe, taratibu. Kama nimekosea alama, vali zitagoma mkononi mwako."

Bingwa akainama, shati likapakaa grisi, akazungusha. Hakuna kilichogoma. Alama zikarudi kukutana sawasawa mbele ya macho ya watu wote. Kisha mzee wa dizeli akatoa funguo za gari lake mfukoni, akaziweka kiganjani mwa fundi. Paka akashushwa kwenye benchi.

"Sasa umeridhika?" kaka mtu akauliza jioni, wakifunga gereji.

Wembe akajipekua moyoni kwa uaminifu, akakuta akiba ya hasira bado ipo.

Jumatatu, Bingwa alipokuwa akifungua duka, gari kuukuu lilikuwa limeegeshwa mbele ya mlango wake. Ndani yake msusi alikuwa anakunywa chai, dirisha wazi, injini ikinguruma vizuri kabisa, kila anayeingia dukani aisikie. Hakuwa na haraka ya kwenda popote.