Jenereta Mbili, Tangi Moja

Mkurugenzi wa hospitali walimbandika jina Bwana Asilimia, naye, bila haya, alilipokea kama nishani.

Sista wa wodi ya watoto njiti alipokwenda kuomba tangi la pili la dizeli, alichekwa mbele ya kikao kizima. Bwana Asilimia akamweleza taratibu, kama anayelisha mtoto uji: kila jenereta, ukiiwasha mara kumi, hugoma mara moja. Zidisha kumi kwa kumi. Basi zote mbili kugoma pamoja ni mara moja katika mia. Wakubwa wa kikao wakaitikia kwa vichwa. Kuzidisha walikujua, kufikiri walimwachia nani, Mungu anajua.

"Mkuu," Sista akasema, "hesabu hiyo ni ya mashine zisizohusiana. Hizi zinanyonya tangi moja. Usiniulize ya pili hugoma mara ngapi siku zote. Niulize hugoma mara ngapi siku ambayo ya kwanza imegomeshwa na dizeli chafu."

Akaambiwa arudi kwa watoto wake. Na kweli mmoja alikuwa wake: yule wa kisanduku cha joto cha dirishani, aliyezaliwa na mdogo wake wa tumbo moja, hivyo Sista alikuwa mama yake mkubwa.

Umeme ukakatika mchana kweupe. Jenereta ya kwanza ikakohoa, ikafa. Ya pili ikanyonya tope lilelile, ikamfuata mwenzake. Visanduku vikaanza kupoa. Sista akawaambia kina mama wafungue vifua, akawalaza watoto ngozi kwa ngozi, akawafunga mashuka. Akabaki wa dirishani, ambaye mama yake hajazinduka tangu upasuaji. Na mikono ya Sista mwenyewe ilikuwa ikimpulizia hewa mtoto mwingine kwa kifuko cha mpira.

Bwana Asilimia akaingia anahema, eti mikosi miwili kwa mpigo, nani angetarajia.

"Mkosi ni mmoja," Sista akasema bila kugeuka. "Vua shati."

Akaanza habari za fundi, yuko njiani.

"Shati, mkuu. Huyo wa dirishani anapoa."

Akavua. Kitambi kikamwagika juu ya mkanda. Nesi mwingine, naye tayari amefungiwa kichanga kifuani, akamlaza mtoto juu ya kifua kile kilichozoea kupigwapigwa na mwenyewe kwa majivuno. Mtoto alikuwa amelegea. Baadaye akakunja vidole, akashika vinyweleo, akavuta.

Bwana Asilimia akauliza, kwa sauti ndogo, akae hivyo mpaka lini.

"Mpaka mama yake aamke," Sista akasema. "Na usimtingishe."