Cherehani ya Mtani

Gauni langu la Pasaka lilikuwa vipande tisa. Binti yangu Nyamizi alivikata mwenyewe, akavibana kwa pini na kuvitia kwenye mfuko. Alisema angevishona Jumatatu kwenye baraza alikokuwa akifanyia kazi, kwa cherehani ya mwenye baraza. Jumapili akaugua. Alhamisi tukamzika. Hiyo ilikuwa Januari.

Sikulia. Watu wakanisifu kwa imani. Mungu anajua haikuwa imani. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila ilikuwa ya mwili mzima. Nilisali asubuhi na jioni. Maneno yalitoka, nikayasikia kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Kitu kimoja tu nilikitaka: kulishona lile gauni kwa mkono wangu na kulivaa Pasaka. Sikutaka fundi mwingine aguse alipokata. Nikajiandikisha tena darasa la jioni la mwalimu Recheli, hapa Itetemia, lilelile lililonifundisha kusoma nikiwa na miaka arobaini na tisa. Safari hii walifundisha ushonaji. Lakini wanafunzi tulikuwa kumi na wanne kwa cherehani mbili, na kushona nguo za nyumbani hakukuruhusiwa. Ilibidi nitafute cherehani yangu, iliyotumika.

Mjini kuna duka la Nurdini, fundi anayefufua cherehani za zamani na kuziuza. Kwake huuziwi kitu kabla hujakaa kwenye stuli ukashona kitambaa ulichokuja nacho. Nilifika mlangoni. Nyamizi alikuwa akinunua nyuzi hapo. Wanawake wawili waliokuwa ndani wakasimama.

"Mama Nyamizi, pole. Pole sana, mama."

Najua pole hujibiwa asante. Neno halikutoka. Nikageuka, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Simu haina macho ya kukuonea huruma. Kesho yake nikatafuta mtandaoni, nikifuata kila tangazo kwa kidole. Nikaona cherehani nyeusi yenye maua ya dhahabu, ipo Dar es Salaam, muuzaji anaitwa Fikiri. Nikampigia.

"Unapiga kutoka wapi, mama?"

"Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi kabisa."

"Lo! Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Kumbe mpagazi wangu! Vipi, ile mizigo mmeshaitua?"

"Tumeitua. Tunawasubiri ninyi mmalize kulala."

Babu zetu walishuka pwani na mizigo ya misafara, wakapita kwa babu zao. Tangu hapo sisi na Wazaramo ni watani. Mtani hukutukana nawe huruhusiwi kukasirika. Hata msibani huvaa nguo za marehemu, akamwigiza anavyotembea, na wafiwa wakacheka. Kwa Nyamizi hakuna mtani aliyetokea.

"Naitaka hiyo cherehani," nikasema.

"Hii? Hii maiti, mtani. Inaruka mishono. Ukiichukua, nunua na sanda."

"Ipakie hivyohivyo. Nitaizika mwenyewe."

"Nakwambia kweli, usiichukue. Inamfaa mtu anayetafuta vipuri."

"Mzaramo na kweli mmejuana lini?"

Alicheka mpaka akakohoa. Sikumwamini hata neno moja. Nikatuma pesa, na siku ya tatu nikaipokea stendi.

Iliruka mishono. Ilishona miwili, ikaacha minne. Nikabadili sindano. Nikatia mafuta. Nikaiwekea mkono na kuiombea kama mgonjwa. Ikaruka. Siku nne zilikuwa zimebaki kufika Pasaka. Nikampigia Fikiri.

"Mtani, inaruka mishono."

"Si nilikuambia? Mama, mimi kwenye biashara sitanii."

"Nilidhani ni utani."

"Haraka yote ile ilikuwa ya nini?"

Nikamwambia. Vipande tisa, pini, Januari. Kisha nikasubiri pole yake, nikiwa tayari kukata simu.

"Yaani Mnyamwezi," akasema taratibu, "mtu wa safari, umemwacha mtoto akutangulie, na masurufu hukumfungia? Mzazi gani wewe? Na yeye naye mvivu! Kakata nguo, kakimbia kushona!"

Nikacheka. Kicheko kilikuwa kifupi na kikavu, kikaisha. Yeye hakucheka.

"Mlizika bila mtani," akasema. "Haya, mtani nimekuja. Hiyo maiti ipeleke kwa fundi wa huko. Na gauni ulishone."

Kesho yake niliifunga cherehani nyuma ya baiskeli, nikaikokota hadi kwa Nurdini. Alizungusha gurudumu, akamulika chini ya sindano.

"Chuma kinachopokea uzi kimelika," akasema. "Ungekaa nayo dakika mbili ungejua."

"Niliambiwa. Sikuamini."

"Na nani?"

"Mzaramo."

Akanitazama, akatikisa kichwa. "Subhanallah. Wazee hawakutuambia kama utani utafika mpaka kwenye simu." Akaisogeza pembeni. "Hii itanifaa kwa vipuri, tutabadilishana. Kaa pale ujaribu ile ya kijivu. Umekuja na kitambaa?"

Nikafungua mfuko.

Ilinipasa nishone mshono mmoja wa kujaribia. Nilipoumaliza, mkono ukavuta kipande cha pili, kisha cha tatu. Nurdini hakunizuia. Alikwenda kuswali adhuhuri, akarudi, akanikuta kwenye mikono ya gauni. Wateja waliingia wakatoka. Kila pini niliyoichomoa niliiweka midomoni, kama Nyamizi alivyokuwa akifanya.

"Mama Nyamizi," Nurdini akasema nilipoliinua gauni, "umepungua. Litakupwaya hili. Tupunguze ubavuni."

"Hapana. Nimeshona pini zilipokuwa."

Akalitazama gauni, kisha akatazama chini.

"Pole, mama."

"Asante," nikasema.

Jumapili nililivaa. Lilinipwaya mabegani na kiunoni. Kwaya iliimba ufufuko, nami nikaimba, na moyoni sikusikia furaha wala uchungu. Mungu anisamehe, mahubiri nayo sikuyasikia. Kidole changu kilikuwa ubavuni, kikifuata mshono tangu juu hadi chini. Haukuruka mahali popote.