Samli ya Liliane

Kocha Théogène alisema wazi: asiyeweza kukimbia Ijumaa, Jumapili ataketi na watazamaji. Nami nina miaka thelathini na mitano, na baada ya kupandishwa mlima wa Nyundo mapaja yangu yalikaza kama kamba ya kufungia ng'ombe.

Vijana wa timu wakanipeleka ziwani. Maji ya Kivu asubuhi yanauma kuliko maumivu yenyewe. Nilitoka nikitetemeka, nafuu ipo, lakini nilipofika nyumbani maumivu yakaamka. Kesho yake nikaenda amashyuza, yale maji moto yanayobubujika kando ya ziwa. Huko nilisinzia kwa raha, ila wakati wa kurudi magoti yalilegea kama ya mlevi. Dawa ya tatu ilikuwa kulala miguu ikiwa juu ukutani, nikitazama dari peke yangu. Ukimya wa nyumba ile ulinichosha kuliko mlima.

Ukweli ni kwamba dawa niliijua. Marehemu mke wangu Liliane alinikanda kwa samli kila baada ya mazoezi, akinitania kwamba nina miguu ya korongo. Tangu tumzike sijaguswa na mkono wa mtu, na mkono huo niliutamani mpaka nikaona haya.

Alhamisi jirani yangu Mama Saidati, mzaliwa wa Goma, alinikuta nikishuka ngazi kinyumenyume. Kazi yake ni kukanda wanawake waliojifungua.

"Ntwari, we unatembea kama mutu mwenye alizala jana," alisema. "Kuya nikukande."

"Mama, vijana watanicheka."

"Bon, bacheke. Leta mafuta."

Nikaleta kopo la Liliane. Sikuwa nimelifungua tangu msiba. Nilipoinua kifuniko, alama za vidole vyake vitatu zilikuwa palepale, alipochota mara ya mwisho. Nikashindwa kulitoa mkononi.

Mama Saidati akachungulia ndani ya kopo.

"Ile funika," alisema. "Mi niko na mawese yangu."

Nikalala kifudifudi mkekani. Mikono yake ilikuwa mizito, haikujua mahali Liliane alipopajua, nami nikalia uso ukiwa mkekani. Hakuacha kukanda.

Ijumaa nilikimbia. Jumapili nitacheza, na najijua: kila mpira ukitoka nje nitageuka kumtafuta Liliane pale alipozoea kusimama.